Mti wa Krismasi Dodoma: wa plastiki, tawi bichi au wa kwenye chungu?

Kwa nyumba nyingi za Dodoma mti wa plastiki ndio unaofaa, ila si ule wa bei ya chini kabisa. Tawi bichi linapendeza kwa siku chache tu. Wa kwenye chungu ni mzuri kuliko yote, mradi una baraza na mkono wa kumwagilia.

Tuanze na wa plastiki, maana ndio uliojaa maduka ya Majengo na kwa machinga kila Desemba. Usiuchague kwa kutazama ule uliosimamishwa mlangoni ukiwa umeshapambwa. Mwambie muuzaji afungue boksi utakaloondoka nalo, kisha anza na miguu. Miguu ya plastiki hupasuka pale bomba linapoingia, hasa skrubu zikikazwa sana, na mti wa sentimita 180 ukishabeba taa na mipira huanza kuinama. Mtoto akiuvuta mara moja, umelala. Chukua wenye miguu mitatu au minne ya chuma, yenye vifuniko vya mpira ili isikwaruze vigae.

Kisha majani. Pitisha kiganja kutoka shina la tawi kuelekea ncha, mara mbili tatu. Yakibaki mengi mkononi, hayatafika mwaka wa pili. Rudi nyuma hatua mbili uutazame: kama bomba la katikati bado linaonekana wazi, matawi ni machache na hakuna pambo litakaloficha pengo hilo. Matawi yenye bawaba hufunguka yenyewe kwa dakika chache. Ya kuchomeka moja moja ni nafuu, lakini hutegemea alama za rangi au herufi kwenye ncha. Zikifutika, mwakani utahangaika kujua lipi la chini na lipi la juu, kwa hiyo yafunge kwa makundi unapoyahifadhi.

Urefu uchaguliwe kwa dari, si kwa macho. Pima dari, toa angalau sentimita 30 za nyota na nafasi. Sebule ya dari ya mita 2.4 inatosheka na mti wa sentimita 180. Wa 210 ndio mwisho, na kileleni utabaki na nafasi finyu. Chumba cha kupanga kinapendeza na wa 120 juu ya meza. Kariakoo kuna uchaguzi mpana zaidi, ila ukiagiza kwa basi hujaukagua mguu wala bawaba, na boksi huweza kufika limebanwa na mizigo ya wengine.

Tawi bichi la saiprasi lina harufu ambayo plastiki haina, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia kwa hali ya hewa ya hapa. Saiprasi hustawi kwenye baridi na ukungu wa huko Mufindi. Desemba ya Dodoma jua hupanda hadi karibu nyuzi 30, na tawi lililokatwa hukauka haraka. Nunua kuanzia tarehe 22, si mapema zaidi. Kunja ncha: bichi hujikunja, kavu huvunjika. Wengi hulichomeka kwenye ndoo ya mchanga mkavu na kushangaa likigeuka kahawia siku ya pili. Fanya hivi: kata upya sentimita 2 au 3 za shina, kwa sababu utomvu umeshaziba sehemu ya mwanzo, liweke majini papo hapo, libane kwa kokoto ndani ya ndoo, na asubuhi na jioni hakikisha maji hayashuki chini ya pale ulipokata. Lisikae mbele ya feni wala dirisha la magharibi. Na tafadhali, liwe limetoka kwa mwenye shamba. Kukata msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa.

Wa kwenye chungu unaopatikana kwa wauza miche ni araukaria, ule wenye matawi ya ngazi. Inua chungu uangalie chini: mizizi iliyotokeza kwa wingi matunduni ni dalili kwamba mti umebanwa. Matawi yake ni laini, hayabebi mipira mizito. Uweke karibu na dirisha lenye mwanga na uuzungushe kila wiki usije ukaegemea upande mmoja. Baada ya sikukuu usiutoe moja kwa moja juani. Upe wiki mbili za kivuli kwanza.

Vimulimuli viwe vya LED. Balbu 100 kwa kila sentimita 60 za urefu zinatosha, yaani 300 kwa mti wa 180. Plagi nyingi zinakuja na pini mbili, na kuchokonoa soketi kwa kalamu ili ziingie ni hatari, nunua adapta. Zima taa kabla ya kulala, na umeme ukikatika chomoa kabla haujarudi.

Mti ukishasimama, matembezi ya sikukuu nayo yanataka hesabu. Nyerere Square na Chinangali Park ni nzuri kwa watoto, lakini mchana wa tarehe 25 hujaa. Asubuhi ya tarehe 26 ina nafuu. Mnada wa Msalato ni wa Jumamosi, kwa wanaotaka nyama ya mbuzi ya kuchoma bila makorokoro ya hoteli. Mtera, njia ya Iringa, nenda kwa ajili ya samaki na upepo wa bwawa.

Safari yenye thamani zaidi ni michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006. Lami inafika Kolo. Hapo unaripoti ofisini, unalipa kiingilio na kuchukua mwongozaji. Kutoka hapo ni barabara ya vumbi, kisha kupanda mlima kwa miguu. Desemba ni mwanzo wa mvua, na udongo wake ukilowa gari dogo halifiki. Ondoka Dodoma alfajiri uwe umeshuka mlimani kabla mawingu hayajakusanyika mchana. Beba maji ya kutosha, vaa viatu vinavyoshika mwamba. Kandambili zibaki garini.