Uzoefu wangu: nyumba ya kupanga ya familia nje ya Lubumbashi, mwezi wa saba

Nyumba iko pembeni ya mji wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC). Ina vyumba vitatu, veranda, uwanja wenye miembe na jiko la nje, na hupangishwa kwa usiku, bei kwa dola. Kwa familia inayotaka kupumzika na kujipikia, naipendelea kuliko hoteli: watoto wana mahali pa kukimbia na hakuna anayelipishwa kwa kila sahani. Ila ijueni kwanza Julai ya huku.

Kiangazi cha Lubumbashi ni cha baridi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mbingu haina wingu la kuzuia joto lisipotee usiku, na alfajiri kipimo huweza kushuka chini ya digrii 10. Saa saba mchana jua linachoma; jua likizama tu, kila mtu anatafuta sweta. Kila kitanda kina blanketi moja. Ombeni la pili mnapoweka nafasi, kwa sababu usiku stoo imefungwa na mlinzi hana ufunguo. Maji ya moto yanategemea umeme, na ukikatika jioni mtaoga baridi, kwa hiyo watoto waogeshwe saa tisa au saa kumi. Na tafadhali sana, mbabula, yaani jiko la makaa, isiingizwe chumbani hata kwa dakika chache: makala (makaa) yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Jiko ndilo lililonifanya niipe nyota nne. Kuna mbabula mbili, sufuria kubwa ya bukari (ugali), kinu na mchi. Sombe (kisamvu) ikitwangwa hapo hapo ni chakula kingine kabisa, lakini haitaki haraka. Ichemsheni muda mrefu, mwanzoni bila kifuniko, ili sumu ya majani ya muhogo itoke na mvuke. Mawese, kitunguu na unga wa karanga vifuate baadaye. Anayetia mafuta mapema ili wageni wale haraka anabaki na majani magumu. Samaki wa Kasenga, mji ulio kwenye mto Luapula, wanunuliwe asubuhi: matamvua yawe mekundu, macho yasiwe na ukungu. Michopo (nyama choma) ya mbuzi agizeni usiku wa kuamkia, maana nyama inayoletwa saa sita italiwa jioni. Chikanda, mkate wa mizizi ya okidi na karanga, inauzwa tayari imekatwa vipande. Chagueni inayokatika bila kumomonyoka.

Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, nunueni wa siku hiyo hiyo. Mizizi yake hugeuza wanga wa uji wa mahindi kuwa sukari, na uchachu huendelea hata ndani ya bidoni (dumu). Wa jana ni mchachu kidogo, mtamu kwa wakubwa. Unaozidi hapo una kilevi, msiwape watoto. Kifuniko kiachwe kimelegea, la sivyo bidoni inavimba.

Kwa matembezi, gari na dereva hulipwa pembeni. Patanani kwa siku nzima, mafuta yakiwa ndani ya bei. Anzeni na makumbusho, mkae mbele ya misalaba ya shaba. Iliyeyushwa kwa makala katika tanuri za udongo na kutumika kama fedha, karne nyingi kabla ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910. Mtoto aliyeiona kwanza ndipo anaelewa bomba refu la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki ya madini vinavyoonekana baadaye. Bustani ya wanyama iendewe siku ya kazi asubuhi. Jumapili mchana mtaona migongo ya watu tu. Sokwe wa J.A.C.K., kituo cha kuokoa sokwe kilichoanzishwa mwaka 2006, walichukuliwa kutoka kwa wafanyabiashara haramu. Mwenye mafua akae mbali nao, kwani wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi, na msiwarushie chakula.

Nyota iliyopungua ni ya amana. Orodha ya vyombo haipo, na siku ya kuondoka ndipo mabishano ya sahani yanapoanza. Hesabuni vyombo pamoja na msimamizi siku ya kufika, mpige picha, kisha mlipe. Noti za dola ziwe safi: iliyochanika hata kidogo pembeni, au ya zamani, hukataliwa. Chenji inakuja kwa faranga za Kongo, basi kubalianeni kiwango kabla ya kutoa pesa mfukoni.