Gurudumu la kitambaa lililomwaga gundi kwenye alumini

Gurudumu la kupigia polishi linamwaga gundi! Ndilo hili la inchi 6 nililouziwa juzijuzi kwenye duka moja la spea, Unga Limited, Arusha. Kwa mbele unahesabu mistari minne ya uzi unaoshikilia tabaka za kitambaa. Geuza nyuma: miwili tu ndiyo imepenya, katikati wamebandika kwa gundi. Mota ya benchi inazunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Ukigusisha kazi kidogo tu kitambaa kinapata moto, gundi inayeyuka na alumini inajaa michirizi myeusi inayonata. Mfuniko wa injini ya pikipiki uliokwishapita msasa namba 240, 400 na 600 umerudi tena kwenye 400.

Nililirudisha. Muuzaji hakuligusa hata kwa kidole. "Kaka, kikitoka hapa hakirudi. Umekandamiza wewe." Nani kakandamiza? Kazi inakaa chini kidogo ya katikati ya gurudumu, ukingo ukitazama chini ili gurudumu liukimbie, lisiunyakue. Mche wa kahawia, yaani polishi ngumu ya kupaka kwenye gurudumu, unaugusisha sekunde mbili, basi. Polishi ikizidi, kweli inaacha weusi, lakini huo unafutika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Huu haukufutika, ilibidi kukwangua.

Tundu nalo ni pana kuliko shafti, linayumba na kuacha mawimbi. Nilipomwambia, akanishauri nilifunge kwenye grenda ya mkono. Grenda ya mkono! Mizunguko 11,000 kwa dakika, na kava unalitoa kwanza ndipo litoshee. Kitambaa kikiraruka kwa kasi hiyo, uso ni wa nani? Mtu anayeuza vifaa vya mafundi anasema hivyo mbele ya vijana wanaojifunza kazi.

Mche wa kijani wa hapohapo siusemi vibaya. Kwenye stenlesi unatoa kioo, mradi uwe na gurudumu lake; ukichanganya na la kahawia, chembe nene zinabaki kwenye nyuzi na kuchora upya.

Halafu pamba yenyewe, lazima niseme, ni nzito na nzuri. Nimetoa tabaka zenye gundi, nimeshona upya kwa sindano ya fundi viatu, mstari kila nusu inchi, na tundu nimelibana kwa bushi, kipete cha kujaza nafasi kwenye shafti. Sasa linakata kuliko lile la zamani. Nilitaka kuandika msinunue. Nunueni, ila geuzeni nyuma kwanza, na muuzaji akikataa msiligeuze, ondokeni.