Soksi na nguo za kubana: ipi ununue kwanza Mombasa

Kabla ya bei, tazama namba. Soksi ambayo boksi lake halisemi inabana kwa milimita ngapi za zebaki (mmHg, kipimo cha nguvu ya kubana) ni soksi nzito tu, hata muuzaji aape vipi.

1. Soksi za gotini, mmHg 15–20. Hizi ndizo ningemchagulia yeyote anayeshinda amesimama: mpishi wa hoteli, muuzaji wa Marikiti, au hata abiria wa basi la usiku la Nairobi. Hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda, ndipo damu ikasaidiwa kurudi juu. Za mapajani waachie walioandikiwa na daktari. Kwa joto la Machi, na buibui juu yake, utazivua kabla ya adhuhuri. Pima mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu asubuhi, miguu haijavimba, ulinganishe na jedwali la boksini. Namba ya kiatu peke yake haitoshi. Zikigoma kupanda, vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo uzivute kwa viganja. Fua kwa mkono, anika kivulini, maana jua kali huua mpira. Ukizivaa kila siku, baada ya miezi 3 hadi 6 huwa zimechoka.

2. Soksi za mmHg 20–30. Hizi ni tiba: mishipa ya miguu iliyotutumka, uvimbe usioisha. Usijiandikie mwenyewe. Mwenye kisukari aliyeanza kufa ganzi nyayo, au mwenye ateri za miguu zilizoziba, apimwe kwanza, kwani kubanwa kwaweza kumdhuru. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usisimame duka la dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

3. Taiti za michezo. Wakimbiaji wa bustani ya Mama Ngina wanazipenda, na kweli huweza kupunguza kidogo maumivu ya misuli baada ya mazoezi. Kukuongezea kasi? Ushahidi ni hafifu. Zile za shavu la mguu zisizo na unyayo usikae nazo kutwa. Mguu waweza kuvimba chini yake.

4. Soksi nyeupe za wodini. Zimetengenezewa mgonjwa aliyelala, si mtembezi.

5. Mitumba ya Kongowea. Fulana ya mazoezi, sawa. Soksi ya tiba, hapana: mpira umeshalegea, na boksi lenye namba lilibaki Ulaya.