TAHADHARI: Anayeuza "iboga ya Gabon" kwa familia zenye waraibu wa unga

Ndugu zangu, hasa mlioko Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa ambao nyumbani mna kijana anayepambana na unga (heroini), someni hii kabla hamjatuma hela popote.

Kuna mtu anajiita Papa. Jina la pili hubadilika kila anapobadilisha laini. Anaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi na kwenye kurasa za tiba asili, anauza poda ya kahawia ndani ya kopo la plastiki lenye karatasi ya kijani. Anasema ni iboga, dawa ya mzizi wa msituni kutoka Gabon, inamaliza uraibu kwa usiku mmoja, bila arosto, yaani yale mateso ya kukosa unga. Wifi yangu ameliwa laki tano na nusu, na mwanawe kaishia hospitali. Kijana yu hai, alhamdulillahi. Naandika kwa ruhusa yao wote wawili.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Siku za mwanzo hauzi kitu. Anauliza habari za mgonjwa, anasikiliza, anatuma sauti za dua, anakuita mama. Akishajua kijana yuko kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayonywewa badala ya unga, ndipo anataja bei: laki tatu na nusu, "nusu ya bei ya Wazungu". Hela ikitoka, mzigo unakwama. Kwanza umekwama Tunduma, inatakiwa laki na ishirini ya kibali. Halafu wazee wa msituni wameota kwamba huyu mtoto ana kitu kizito, wanataka elfu themanini ya sadaka. Sasa ajabu yake, na hapa ndipo anapoachana na wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii": mzigo unafika kweli. Bodaboda anakuletea hadi mlangoni. Laiti angekula hela akapotea, nisingeandika kwa ukali huu.

Kopo likifika, maelekezo yanakuja kwa sauti. Mpeni kwenye uji bila mwenyewe kujua. Mwachisheni methadoni siku hiyohiyo na msimwambie nesi. Akitapika, ni uchafu unatoka. Akiongea peke yake, anaongea na mababu. Akianguka, mwacheni alale. Kila dalili ya hatari ameshaipa jina zuri mapema, ili mama akae pembeni ya mwanawe anayekufa akidhani anapona.

Mtoto wa wifi alipewa usiku. Kufika alfajiri mdomo umekauka, ngozi ya moto, anachuma vitu hewani, hamjui mama yake. Baba yake hakutaka kusikia habari za mababu, akaita bajaji. Daktari wa zamu alimfunua macho akakuta mboni zimetanuka. Mtu wa unga au wa methadoni mboni zake hubana zikawa nukta, kwa hiyo palepale daktari akajua kuna kitu kingine. Alisema dalili zile ni za datura, yule mmea wa maua meupe ya tarumbeta unaoota majalalani na kando ya barabara, ambao mbegu zake ni sumu. Kopo lenyewe wamelipeleka polisi pamoja na meseji zote.

Mimi nilisoma botania na mimea ya namna hii naifuatilia kwa miaka, ndiyo maana wifi aliniletea simu yake. Nilianza na picha anazotuma huyo Papa. Ya kwanza ni sufuria kubwa juu ya kuni, ndani vipande vya mmea mtambaazi vimepondwa na majani. Hiyo ni ayahuaska, kinywaji cha maruweruwe, inapikwa Peru, Brazili na nchi jirani za bonde la Amazoni. Ya pili ni kaktasi mdogo wa mviringo asiye na miiba: peyote, mmea wa majangwa ya Mexico na kusini mwa Texas, ambao Wahuichol, wenyeji wa asili wa Mexico, husafiri kwa miguu na magari hadi San Luis Potosí kuufuata. Katika picha zake zote hakuna hata moja ya iboga. Iboga ni kichaka cha chini ya miti mikubwa, kina maua madogo na tunda la rangi ya chungwa, na kinachotumika ni gome la mzizi. Huyu bwana hajui hata mmea anaojidai kuuza.

Kibali chake ndicho kilichonichekesha, kama kuna cha kuchekesha katika habari hii. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kina mhuri wa "Ministry of Forest", na Libreville imekosewa herufi. Gabon ni nchi inayotumia Kifaransa. Tena Gabon iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, kisha mwaka 2019 ikasimamisha usafirishaji wake kwenda nje, kwa sababu mizizi ilikuwa inaporwa misituni na kuuzwa kwenye intaneti. Kichaka hiki kinahitaji miaka kadhaa kabla mzizi wake haujafaa kuchukuliwa. Mtu hawezi kuwa na makopo ya kumwaga, akayauza mtaani Mbagala kwa oda ya WhatsApp, akakwambia ana baraka za serikali ya Gabon.

Halafu ile hadithi kwamba yeye ni "Mbwiti wa Bukavu". Nina rafiki wa Bukavu, nilimsikilizisha zile sauti. Alicheka, akasema hata hicho Kiswahili cha Kikongo ni cha kuigiza. Bwiti ni dini ya Gabon, kwa Wamitsogho, Waapindji, Wafang na wengineo, na imevuka kidogo kuingia nchi za jirani upande wa Atlantiki. Bukavu iko mashariki mwa Kongo, upande wa huku kwetu, kwenye Ziwa Kivu. Kwa hiyo msiwachukie Wakongo kwa ajili ya huyu. Huenda ni jirani yako wa Buguruni.

Sasa nieleze kinachowaingiza watu mtegoni, kwa sababu si ujinga. Ukimwambia Papa kwamba ni muongo, anakutumia habari za Chuo Kikuu cha Stanford, na ukitafuta unakuta ni za kweli. Mwanzoni mwa 2024 watafiti wa Stanford walichapisha matokeo ya wanajeshi wastaafu 30 wa Marekani waliopewa ibogaini, kiini cha iboga, kwenye kliniki moja Mexico, na walipata nafuu kubwa ya sonona na jinamizi la vita. Texas mwaka 2025 imetenga dola milioni 50 za utafiti wa dawa hiyo. Hata habari ya unga ina mizizi: mwaka 1962 kijana mmoja wa New York, Howard Lotsof, mtumiaji wa heroini, aliimeza ibogaini kwa kutaka kujistarehesha, na ilipomtoka akakuta arosto haipo na hamu imekatika. Aliishi akiipigia debe hadi mwisho wa uhai wake.

Papa anasimulia yote hayo vizuri, kuliko hata mimi. Anachokiacha ni hiki. Wale wanajeshi walikuwa wagonjwa wa majeraha ya ubongo, hawakuwa waraibu wa heroini. Walipimwa moyo kabla, wakawekewa magnesiamu kwa dripu ili kuulinda, na kufuatiliwa na wauguzi. Na hela za Texas ni za kutafuta jibu. Mwenye jibu mkononi hatafuti kwa dola milioni 50.

Moyo ndio jambo lenyewe, nawaomba mnisikilize hapa. Ibogaini huchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Ukichelewa kupita kiasi, mapigo yanavurugika na mtu anaweza kufa ghafla, hata kijana mwenye misuli. Methadoni nayo huuchelewesha moyo kwa njia hiyohiyo. Zikikutana ndani ya mwili mmoja, hatari zinajumlishana. Kumwachisha mtu methadoni leo na kumpa poda usiku hakusaidii, maana methadoni haitoki mwilini kwa siku moja. Na ibogaini yenyewe ini huigeuza kuwa kitu kingine kinachokaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo maruweruwe yakiisha mtu bado hajavuka. Kuna uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 wa vifo 19 vilivyotokea kati ya 1990 na 2008 baada ya watu kumeza ibogaini, vyote nje ya Gabon na majirani zake. Walikufa kuanzia saa moja na nusu hadi saa 76 baada ya kumeza. Kati ya 14 waliokuwa na taarifa za kutosha, 12 walikuwa na maradhi mengine, hasa ya moyo, au vilevi vingine mwilini. Mtoto wa unga wa miaka mingi, amekonda, hajawahi kupigwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, hata siku moja, ndiye hasa wa kundi hilo.

Kwa maneno mengine, kopo likiwa feki umeibiwa na pengine umemlisha mwanao sumu. Likiwa halisi, huenda ukazika.

Wapo watakaosema, "Mbona Wagabon wanakula vizazi na vizazi?" Wanakula, ndiyo, na huko nako hailiwi ovyo. Anayeingizwa kwenye Bwiti huja mwenyewe kwa miguu yake. Ana baba na mama wa kumlea katika ibada, hata kama ana wazazi wake. Anaungama kwanza. Anapakwa udongo mweupe, analishwa gome lile chungu, kidogokidogo, chini ya macho ya nganga aliyekwisha kupita njia hiyo. Kinubi cha ngombi chenye nyuzi nane kinalia usiku kucha, mienge ya utomvu wa mti wa okoume inawaka, na watu hawamwachi. Wanamgusa, wanamwita, wanamuuliza ameona nini. Akizidiwa wanajua. Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya ibada hizo na nina heshima nazo kubwa; ndiyo sababu nyingine ya hasira yangu. Hakuna mahali katika Bwiti ambapo mtu anatiliwa iboga kwenye uji asijue. Hata ngoma za pepo za pwani yetu hazipigwi kwa kumvizia mwele.

Hilo la "bila mwenyewe kujua" liwe kengele yenu. Tumelizoea kwenye vibao vya barabarani, dawa ya kuacha pombe, mtilie mumeo kwenye mchuzi. Mtu yeyote anayekwambia umpe binadamu mzima dawa ya kichwa kwa siri, mfungie mawasiliano hapohapo. Usijadiliane naye. Ni mzuri wa maneno kuliko wewe.

Kuhusu methadoni, najua imechosha wengi. Foleni kila siku, kikombe unakunywa mbele ya mtoa dawa, nauli, majirani wanaangalia. Wifi alichoka na foleni, na Papa aliunusa uchovu huo. Lakini tangu Muhimbili ilipoanza kuitoa Februari 2011, bure, nimeona vijana waliokuwa wanalala mitaroni wakirudi kufanya kazi na kulea. Na kuna hatari ya pili ya kuachisha ghafla ambayo Papa haisemi: mwili ukishapoteza mazoea, kijana akateleza na kupiga kiwango chake cha zamani cha unga, kiwango kilekile kinamuua. Ikiwa amekosa dozi kwa siku kadhaa, usimrudishe kimyakimya kama vile hakukosa. Waambie kliniki ukweli, wao wanajua pa kuanzia upya. Mtoto wetu karudi, hawakumgombeza.

Mkitaka mtu wa tiba asili, sina neno, mimi mwenyewe nimekulia humo. Lakini Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002 na linasajili waganga na dawa. Ulizeni usajili. Papa alipoulizwa alisema mizimu haisajiliwi.

Kwa aliyekwisha kuletewa kopo: usilimwage, usilionje, usiliache jikoni. Lifunge kwenye mfuko, hifadhi zile sauti na meseji za miamala, peleka polisi. Kwa mlioko Tanzania, namba anayotumia itume kwenda 15040 ili ishughulikiwe na mitandao. Jina linalotokea wakati wa kutuma hela liandike pembeni, kwa wifi lilikuwa la mwanamke. Kama kijana ameshapewa na hamjui la kufanya, nenda hospitali sasa hivi, taja methadoni, taja kila alichokula, beba na kopo. Kama anaonekana amelala vizuri, nendeni vilevile.

Laini mbili za kwanza zimeshazimika. Jumapili ameibuka kwenye grupu la akina mama wa Temeke kwa jina la Papa na jina jipya la pili linaloanza na herufi M, karatasi ya kopo sasa ni nyekundu, bei imeshuka hadi laki mbili na nusu. Mwenye sauti au picha zake aniletee inbox, naziunganisha kwenye faili moja la mpelelezi. Majina yenu siyahitaji.