Fungate ya pili Uhispania: kasri tamu, na ile nyumba ya watawa iliyotulaza mbalimbali

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Lakini juzi nimeona picha za ile hoteli zikisambaa tena, watu wanamimina sifa, na hasira zikanipanda upya. Kama unapanga kumpeleka mwenzio Uhispania, mzunguke vijijini kwa gari na kulala kwenye majumba ya kale, soma haya kabla hujatoa kadi ya benki.

Jina la hoteli silitaji, wala mji. Iko Extremadura, jimbo la magharibi linalopakana na Ureno, na zamani ilikuwa nyumba ya watawa wa kike. Ni mali ya mtu binafsi. Haimo kabisa kwenye zile Paradores, hoteli za serikali ya Uhispania zilizoanza na ya milima ya Gredos mwaka 1928, na nalisema hili mapema nisiwapake matope wasiohusika, kwani Parador tuliyolala ilitutendea wema ambao bado nausimulia.

Sasa sikiliza. Ilikuwa kumbukumbu ya ndoa yetu. Fungate ya kwanza tuliila Mombasa kwa mama mkwe, watoto wa wifi wamelala sebuleni, ukikohoa nyumba nzima inakuuliza una nini. Kwa hiyo hii nilitaka iwe fungate kweli. Wakati wa kuweka nafasi niliandika kwa Kihispania, cama de matrimonio, kitanda kimoja cha mke na mume, maana nilikwisha kuonywa kwamba huko chumba cha watu wawili mara nyingi huwa na vitanda viwili. Wakanijibu kwa barua pepe: sawa, hakuna tatizo. Barua hiyo ninayo mpaka leo.

Tukafika mchana, jua kali, madirisha ya mji mzima yamefungwa. Kuanzia saa nane hivi mpaka saa kumi na moja, miji midogo ya huko hulala. Usitegemee duka wala chai. Mapokezi alikaa mzee mmoja mwenye tai, anafuta miwani yake kwa ncha ya tai hiyo hiyo. Hakutuambia karibuni. Akasukuma ufunguo wa chuma, mzito kama jiwe la mizani, akaendelea na miwani.

Chumba kizuri, sikatai. Kuta nene, sakafu ya matofali mekundu, dirisha linaangalia mnara wenye kiota cha korongo. Na vitanda viwili vya chuma, vyembamba, kila kimoja na ukuta wake. Katikati meza ndogo.

Nikashuka. Nikamwonyesha barua yao kwenye simu. Hakuisoma. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, taratibu kama anayemfundisha mtoto: "Bibi, hapa walikuwa wakilala watawa." Basi! Hilo ndilo jibu. Nikamwambia mimi si mtawa na yule aliyeko juu ni mume wangu wa ndoa. Akaivaa miwani, akanitazama mtandio wangu, akaivua tena.

Baba Salma ni mtu wa amani. Akasema tuiondoe meza, tuviunganishe vitanda, yaishe. Meza ikatoka. Akakamata kitanda cha kwanza, akavuta. Jamani, miguu ya chuma juu ya matofali ya kale katika jengo tupu lenye mwangwi! Ilipiga yowe hadi korongo akainua shingo. Hatukufika nusu ya chumba simu ya ukutani ikalia. Yule yule. Kuna wageni wanaopumzika, akasema, na samani za hoteli haziburutwi. Nikamuuliza kama ana chumba kingine. Anacho. Kina kitanda kikubwa. Kina nyongeza ya bei. Yaani kitanda nilichokwisha kukilipia kipo ndani ya jengo lile lile, ila sasa kina bei ya pili!

Tulikataa, kwa heshima yetu. Tukalala kila mtu kwenye kitanda chake, tunaongea gizani kama wanafunzi wa bweni. Na hapa nikiri jambo linaloniudhi: tulicheka. Tulicheka mpaka usiku wa manane, na sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo bila mtoto kuita. Asubuhi tukaletewa mkate wa moto na Torta del Casar, jibini la maziwa ya kondoo linalogandishwa kwa ua la mbaruti badala ya matumbo ya ndama, laini kiasi cha kuchotwa kwa kijiko. Kwa sisi tunaokwepa nguruwe, Extremadura ni mtihani. Nguruwe yumo kwenye maharage, yumo kwenye makombo ya mkate yanayokaangwa, mapaja yake yananing'inia mpaka juu ya kaunta ya mahali unapolipia maji. Jibini lile lilituokoa. Kwa asubuhi ile peke yake ningewapa nyota tatu. Au nne.

Lakini ngoja niwaambie tulikolala baadaye, mpate kupima.

Parador ya Jarandilla de la Vera ni kasri la karne ya 15 la makabaila wa Oropesa. Kaisari Carlos wa Tano, aliyekuwa mfalme wa Uhispania, alikaa humo mwishoni mwa 1556 na mwanzoni mwa 1557, akingoja nyumba yake ya kustaafia imalizwe kwenye monasteri ya Yuste, jirani hapo, alikofia 1558. Yuste tulikwenda. Utaona kiti chake cha kuegemezea mguu wenye jongo, na chumba cha kulala chenye mlango unaofunguka kanisani ili aione altare akiwa kitandani. Mimi mtu wa Mombasa kilichonigusa ni kwamba huyu ndiye baba wa Filipo, yule aliyetawala Ureno pia na kuamuru Fort Jesus ijengwe, 1593. Nimepita chini ya kuta za mtoto utoto wangu wote, nikaja kuona baba alivyovimba mguu.

Mapokezi ya Jarandilla kulikuwa na binti mmoja. Kabla hatujafungua mdomo akauliza: kitanda kimoja, sivyo? Nusura nilie. Jioni tukakaa uani chini ya matao tukisubiri chakula, kwani kabla ya saa mbili na nusu usiku hupati mezani kitu, beba biskuti zako. Kesho yake tukapanda milima kupitia Garganta la Olla mpaka Piornal, njia nyembamba yenye kona za kukutoa imani, halafu tukateremkia bonde la Jerte, na miti ya cheri imechanua maua meupe bonde zima. Ile miti ni zaidi ya milioni 1. Kuchanua hutokea kati ya mwisho wa Machi na Aprili, siku chache tu, na upepo ukivuma imekwisha. Usikate tiketi mapema mno. Baba Salma alisimamisha gari, akazima injini, akanishika mkono. Haya mengine hayawahusu.

Kwa hiyo safari yenyewe, nendeni. Ila pale kwa watawa, nilipokuwa nimeshaanza kuwasamehe, bili ilikuja na mstari mmoja: huduma ya wapenzi. Nikauliza ni nini. Ni ua moja la waridi lililokuwa juu ya ile meza, meza tuliyoitoa nje! Nyota moja. Na hiyo moja ni ya korongo.

Niliwaandikia. Jibu likachukua wiki kadhaa, nalo halikugusa vitanda hata kidogo. Walishukuru kwa kuwachagua katika siku yetu maalumu, wakaniambatanishia punguzo la kurudi tena, chumba cha watu wawili. Baba Salma anasema ni haki yetu, tulitumie. Nimemwambia atangulie, akakae fungate na yule mzee wa tai.