Kennywood na Idora: bustani mbili za enzi ya tramu

Kampuni za tramu za umeme (treni ndogo za mitaani) nchini Marekani zilijaza abiria siku za kazi, lakini mwisho wa wiki mabehewa yalikuwa matupu. Dawa ikawa kujenga bustani ya burudani mwisho wa reli. Kennywood, karibu na Pittsburgh, ilianzishwa 1898 na Monongahela Street Railway. Idora ya Youngstown, Ohio, ilifunguliwa 1899.

Tramu zilikufa, bustani zikabaki. Kennywood ingali na Jack Rabbit, treni ya burudani (roller coaster) ya mwaka 1920 inayoporomoka kwenye reli za mbao zilizofuata korongo la asili. Idora haikubahatika: Aprili 26, 1984 moto uliteketeza sehemu ya Wildcat, treni yake maarufu, na mwaka huohuo ikafungwa. Mimi siulaumu moto peke yake. Viwanda vya chuma vya Youngstown vilianza kufungwa tangu 1977. Ingawa Pittsburgh nayo ilipoteza vyake, na Kennywood bado ipo!

Kwa kupanda, chagua Kennywood. Cha Idora kilichonusurika ni farasi wa mbao wa kuzunguka, wa mwaka 1922: waliuzwa mnadani, na tangu 2011 wanabeba watoto Brooklyn, New York.