Uzoefu wangu na Innerspeaker ya Tame Impala: albamu inayodai masikio yote mawili

Kwa karibu mwezi mzima niliisikiliza albamu ya Innerspeaker bila kuitendea haki, kwa sababu hedifoni zangu zilikuwa zimekufa upande wa kushoto nami nilikwisha kuzoea hali hiyo kiasi cha kuisahau. Muziki niliupenda, ila kila mara gitaa lilififia katikati ya wimbo na kurejea baadaye bila sababu niliyoweza kuielewa. Nilipopata hedifoni nzima ndipo nilipogundua kwamba gitaa lile halikuwa likififia hata kidogo, bali lilikuwa likihama kutoka sikio moja kwenda jingine, na kwamba nusu ya kazi aliyoifanya mtunzi ilikuwa imenipita. Tangu siku hiyo nimeirudia mara nyingi sana, nami ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuinunua.

Albamu hii ilitoka Mei 2010 ikiwa na nyimbo 11 zinazochukua takribani dakika 53. Tame Impala ni bendi inapokuwa jukwaani, lakini studioni ni kazi ya Kevin Parker wa Perth, Australia Magharibi, ambaye alitunga, akaimba na kupiga sehemu kubwa ya vyombo mwenyewe, kisha Dave Fridmann wa Marekani akachanganya sauti. Impala ni swala pala, huyu huyu wa mbuga zetu, kwa hiyo jina zima maana yake ni swala pala aliyefugwa. Kurekodi kulifanyika katika nyumba iitwayo Wave House, kusini mwa Perth, inayotazama Bahari ya Hindi. Mimi ni mtu wa Tanga, na kujua kwamba sauti hizi zilitungwa mbele ya bahari ile ile ninayoiona kila asubuhi, ila kutoka ng'ambo yake ya mbali, kulinifanya niisogelee zaidi.

Wanaoipenda na wasioipenda wote husema kwamba inafuata pop ya saikedeliki ya miaka ya sitini, yaani muziki wa sauti zilizogeuzwa ili msikilizaji ajihisi kama yumo ndotoni, na ni kweli, lakini inafaa kueleza ukweli huo uko wapi. Mwaka 1966, katika studio za EMI jijini London, fundi Ken Townsend alibuni namna ya kuifanya sauti ya mwimbaji isikike kama ya watu wawili kwa kutumia mashine ya pili ya tepu iliyopishana kidogo mno na ya kwanza, na bendi ya The Beatles ikaitumia katika albamu yao ya Revolver mwaka huo huo. Mpishano wa aina hiyo ukiupunguza na kuuongeza taratibu, hutokea mvumo unaopanda na kushuka kama wa ndege inayopita juu ya paa. Mvumo huo ndio unaoifungua Innerspeaker: katika wimbo wa kwanza gitaa linaingia peke yake, likijikunja na kujikunjua, na kabla hujajua limeelekea wapi, ngoma na besi zinaingia chini yake na kulishika.

Hizo ngoma ndizo zilizonishawishi kwamba huyu si mtu wa kuiga tu. Zinapigwa kwa nguvu, zimebanwa na kuletwa karibu sana na sikio, huku kila kitu kingine kikielea mbali katika mwangwi, hivyo mwili unapata pa kusimama wakati akili inazunguka. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea kulitenganisha gitaa la solo na la ridhim, na kuifuata besi inavyojibizana nayo yote mawili. Sikio hilo linafaa sana hapa, kwani besi ya Parker haikubali kukaa nyuma, na mara nyingi ndiyo inayobeba wimbo wenyewe.

Kasoro zipo, nami nazisema kwa kuwa albamu naipenda. Sauti ya mwimbaji, ambayo wengi huifananisha na ya John Lennon wa The Beatles, imezamishwa mno katika mwangwi hata maneno hayashikiki, na kwa msikilizaji aliyelelewa na taarabu, ambako neno ndilo linalotangulia, hilo ni pungufu kubwa. Inasikitisha zaidi kwa sababu maneno yenyewe yana uzito: yanamhusu mtu anayejitenga na wenzake na kujaribu kujiaminisha kwamba upweke ndio raha yake. Tena, nyimbo mbili tatu za nusu ya pili zinafanana kiasi cha kuchanganywa. Ninaondoa hapo Jeremy's Storm, ambao hauna mwimbaji kabisa, na ambao kwangu ndio unaoeleza mengi kuliko yote.

Usiihukumu kwa spika ya simu. Nilifanya kosa hilo nilipotaka mdogo wangu aisikie: simu iliwekwa mezani, besi yote ikapotea, ikabaki kelele nyembamba, naye akaniomba, "Kaka, tuweke kitu kingine." Kesho yake usiku nilimvalisha hedifoni nikamwekea Runway, Houses, City, Clouds, wimbo unaozidi dakika saba. Alifumba macho tangu mwanzo, na nilipomgusa bega nikidhani amelala, aliinua mkono kuniashiria ningoje uishe.